Le ya Kalamu

"Sema tena," alisema Gaju. "Polepole, kama unamfundisha mtoto."

"Nitasema mara ngapi? Kariza! Ka-ri-za! Vidole vilivyobonyeza vilikuwa vyako. Sasa unanikodolea macho mimi ya nini?"

"Kwa sababu hata sasa hivi bado unalikosea."

"Nakosea nini?"

"Jina la mteja wako, Damascène. Hata sasa."

Damascène alipiga kiganja kwenye meza ya kukatia vitambaa, mkasi ukaruka. Alikuwa mwanamume mnene, shati lake limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, na alizoea kwamba akiipiga meza hiyo watu hunyamaza. Gaju, dada yake, hakuwa na tabia ya kunyamaza, na hilo nalo alilizoea.

"Raihana," akamgeukia mdarizi wake, "wewe una masikio. Nimesema nini?"

Raihana alikuwa ameketi mbele ya mashine ya kudarizi, ushungi ameufunga nyuma ya shingo usije ukanaswa na sindano. Kwao Rwezamenyo, mtaa mmoja wa Kigali, Kiswahili ndicho lugha ya jikoni na ya kugombezea watoto. Yeye hakukipata shuleni. Alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Bosi, mimi hapo simo. Nyinyi mmetoka tumbo moja. Jioni mtapatana, mbaya nitabaki mimi."

"Basi ujisikilize mwenyewe," Gaju akasema. Alitoa simu, akatafuta ujumbe wa sauti ambao kaka yake alimtumia wiki iliyotangulia, akauweka juu ya meza kati yao. Sauti ya Damascène ikajaa chumbani, nyuma yake pikipiki zikipiga honi.

*Mama Gwiza, umeniuriza ni le au re. Ni re, dada. Re ya karamu. Fanya haraka basi, wanangoja vitambaa.*

Ujumbe ukaisha.

"Umesikia?" Gaju akauliza.

"Nimesikia. Kosa liko wapi?" Damascène alichomoa kalamu ya wino kwenye mfuko wa shati, akaitikisa mbele ya pua ya dada yake. "Si nimesema karamu! Karamu ya kuandikia! Karamu hii!"

Raihana aliinamia mashine, mabega yakimtetemeka.

Gaju aliitazama ile kalamu. Alikuja pale asubuhi hiyo akiwa na ushahidi mfukoni, kama mtu anayekwenda barazani na risiti. Sasa alielewa kwamba ushahidi wake haufai kitu. Angeweza kuuchezesha ujumbe ule mpaka betri ife. Kaka yake angesikia kalamu kila mara, kwa sababu kalamu ndiyo aliyokuwa nayo kichwani.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kinyarwanda hakibishani juu ya le na re. Sauti ni moja, na kila mtu hutoa ile inayofika kwanza ulimini. Gaju na Damascène walizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, nyumbani Kinyarwanda, shuleni Kiswahili. Gaju alianza shule mdogo, sikio likafunguka mapema. Damascène alianza amekwisha kuchunga ng'ombe miaka kadhaa, ulimi umekomaa. Siku moja mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa, akainua kalamu, akamwambia ataje. Damascène akasema karamu. Mwalimu akamtaka arudie, naye akarudia, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani shida ni sauti. Watoto wakaanza kuulizana pilau iko wapi. Toka siku hiyo mpaka familia iliporudi Rwanda, shule nzima ilimwita Karamu, na Gaju, aliyekuwa mdogo wake kwa madarasa mawili, alimng'ata mtoto wa mwalimu mkono kwa kulitamka jina hilo njiani.

Kwa hiyo kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyepaswa kusikia neno lile akashtuka, ni yeye. Hakushtuka. Mteja alikuwa mwenye ukumbi wa sherehe. Kazi ilikuwa vitambaa vya meza. Mtu akikuambia re ya karamu, na unadarizi vitambaa vya karamu, utawaza nini? Alibonyeza re, akasonga mbele.

Mteja aliitwa Kaliza. Alijenga ukumbi mpya Kinyinya, huko ambako kila ukitupa jiwe linaangukia rundo la matofali ya mtu, na alitaka ukumbi wake uwe na kitu ambacho kumbi nyingine hazina. Damascène akamwambia: vitambaa vyako vya meza vitakuwa na msimbo wa QR uliodariziwa kwa uzi, mgeni ataelekeza simu, orodha ya vyakula itafunguka kwenye tovuti yako. Kaliza akapenda. Jana ukumbi ukafunguliwa. Wageni wakaketi, wakatoa simu, wakaelekeza kwenye kitambaa. Msimbo ukasomeka bila matata, wakapelekwa kwenye tovuti ya Kariza mwenye re, mfanyabiashara mwingine kabisa, muuza masinki ya choo, mwenye picha kubwakubwa na punguzo la bei.

"Haya," Damascène akasema, kalamu akiirudisha mfukoni. "Tuseme nilitamka vibaya. Tuseme! Wewe si msomi? Si una diploma? Ungehakikisha."

"Nilihakikisha. Nilikutumia maneno yenyewe yameandikwa, nikakuambia soma herufi moja moja kabla hatujaanza kudarizi. Ulinijibu nini?"

Damascène alitazama dirishani, upande wa soko la Kimironko.

"Ulinitumia kidole gumba," Gaju akasema.

"Nilikuwa na watu wa gazeti hapa."

"Najua. Niliwaona. Ulikuwa unawaeleza jinsi ulivyobuni."

Hilo lilikuwa jipu lenyewe, na wote watatu waliokuwa chumbani walijua, hata aliyejifanya anatia uzi sindanoni.

Damascène hakuwa amebuni kitu. Gaju alifanya kazi duka la jirani, la kuchapa na kutoa fotokopi, akiwaandikia watu barua za maombi ya kazi ambazo yeye mwenyewe angezipenda. Diploma yake ya kompyuta ilikuwa kabatini, pamoja na vyeti vya kliniki vya binti yake Gwiza. Mwaka jana, kaka yake alipolalamika kwamba kudarizi msimbo wa QR kwa kuuchora kwa mkono kunamchukua Raihana siku nzima na simu haisomi, Gaju alikwenda mtandaoni kutafuta maktaba.

Maktaba, ndivyo waandishi wa programu wanavyoliita furushi la kazi ambayo wengine wamekwisha kuandika na kuiacha wazi, ukaichukua, ukajenga juu yake. Ile aliyoipata ilijua kugeuza maneno yoyote kuwa miraba myeusi na myeupe, na ilijua kuitoa miraba hiyo kama picha au kama mchoro wa kuchapishwa. Uzi na sindano haikuvijua. Lakini wenyewe walikuwa wameacha mlango: mtu akitaka matokeo yatoke kwa umbo jingine, aandike umbo lake, alichomeke pale, maktaba italitii. Gaju akaliandika. Wikendi baada ya wikendi, Gwiza amekaa chini akikata vipande vya vitambaa vilivyotupwa, Gaju aliandika umbo la kudarizi.

Jaribio la kwanza lilidarizi kila mraba peke yake, na mashine ikawa inasimama na kukata uzi kila baada ya pumzi.

"Mama Gwiza," Raihana alimwambia siku hiyo, "hii mashine inadarizi au inakatakata vitunguu?"

Gaju akarudi, akaifundisha programu iunganishe miraba iliyogusana kwenye mstari mmoja, iende kulia, igeuke, irudi kushoto, kama mtu anayelima matuta. Uzi ukaacha kukatwa. Lakini simu ikakataa kusoma, kwa kuwa nyuzi zilikivuta kitambaa, na miraba iliyokuwa sawasawa kwenye kompyuta ikatoka imekonda upande mmoja. Akarudi tena, akaifundisha inenepeshe kila mstari kidogo kabla haujafika sindanoni, kidogo zaidi kwa pamba, kidogo tu kwa kitani. Siku simu ilipolia *ti!* juu ya kipande cha kanga kuukuu, yeye na Raihana walishikana mikono wakazunguka meza kama watoto.

Mchango wa Damascène ulikuwa mmoja. Alisogea, akautazama msimbo, akaweka kidole kwenye pembe ya chini.

"Hapa jicho moja halipo. Pembe tatu zina mraba mkubwa, ya nne haina. Weka na la nne, mteja asije akadhani tulichokea njiani."

Msimbo wowote wa QR huwa na macho matatu tu. Walicheka mpaka akakasirika.

Gaju alitaka kuirudisha kazi yake kule maktaba ilikotoka, ichunguzwe na wenyewe na iongezwe, kama desturi ya watu hao. Tayari alikuwa ameifunga yote vizuri, maelezo na kila kitu. Damascène akamsihi. Ukiitoa, alisema, kesho kila fundi wa Kimironko anayo, na mimi nitakula nini? Subiri kidogo, dada. Gaju akakubali kwa sharti moja: jina lake libaki juu ya faili, na duka likiulizwa ni nani aliyeandika, liseme. Damascène aliapa kwa kaburi la mama yao.

Na sharti hilo halikuwa la majivuno. Gaju alikuwa ameitwa na kampuni moja ya programu mjini, aende Jumatatu iliyokuwa inakuja kuomba kazi. Hawakumwuliza diploma, diploma wanazo za kuezekea nyumba. Walimwambia: tuonyeshe kitu kimoja ulichokiandika wewe, chenye jina lako, kinachotumika na watu. Kitu hicho alikuwa nacho kimoja tu. Na kilitumika kwenye kompyuta ya kaka yake tu.

Mlango ukasukumwa. Kaliza mwenyewe akaingia, miwani ya jua juu ya nywele, kitambaa cha meza kimeviringwa kwapani kama mkeka. Alikulia Kampala, na Kiswahili chake alikiokota huko, kikamtosha kwa kazi moja tu, kugombana.

"Nyinyi watu! Mulinifanyia nini?" Alikitupa kitambaa juu ya meza. "Watu iko nakaa, iko na njaa, nangoja chakula. Inaweka simu kwa kitambaa. Inaona nini? Choo! Choo ya kukaa! Choo ya kuchuchumaa! Pasta wangu aliona choo!"

"Madamu Kaliza, keti kwanza," Damascène akasema, akivuta kiti.

"Siketi! Na ingine ya kukaa iko kwa simu!"

Raihana alipatwa na kikohozi cha ghafla.

"Nilitumia nyinyi jina langu. Jina moja!" Kaliza alijipiga kifuani. "Naitwa Kariza! Kariza! Iko na ugumu gani?"

Gaju alimtazama. Mwenye jina mwenyewe. Alitaka kucheka, akashindwa. Mji mzima ulisema jina hilo upendavyo, na kila mtu akaelewana na mwenzake. Kitu pekee kilichokataa kuelewa kilikuwa ile miraba yenyewe, kwa vile haisikii, inasoma tu.

"Sasa nambie," Kaliza akasema, akiwatazama mmoja mmoja. "Nani aliandika hii?"

Simu ilikuwa mkononi mwa Gaju, ujumbe wa sauti bado uko juu ya kioo. Ilikuwa kuugusa tu. Labda Kaliza angesikia, labda asingesikia, ila Raihana angeeleza, na kalamu ingetolewa mfukoni mara ya pili, na mwanamke huyu angekwenda nayo Kinyinya nzima, hadithi ya fundi mkubwa anayeandikia karamu. Gaju aliinua macho, akakutana na ya kaka yake. Damascène hakujua kosa liko wapi, lakini alijua kwamba lipo, na kwamba linahusu ulimi wake. Alikuwa na uso uleule wa mbele ya darasa, wa mtoto anayejiuliza wenzake wanacheka nini.

Gaju aliirudisha simu mfukoni.

Damascène aliona. Akashusha pumzi, akanyoosha kola.

"Madamu, mbunifu ni mimi, kama ulivyosoma gazetini. Hii teknolojia ni ya kwangu. Lakini kazi ya kuandikaandika nilimpa dada yangu huyu. Ni kumsaidia tu, unajua, ana mtoto peke yake, hajapata kazi ya maana. Akakosea herufi. Namwombea msamaha. Kuanzia leo nasimamia mwenyewe."



Kaliza alimpima Gaju kuanzia viatu. "Kumbe ni wewe."

Gaju alisubiri kaka yake aongeze neno. Hata nusu ya neno. Damascène alikuwa anakunja kitambaa, akikilinganisha pembe kwa pembe kwa uangalifu mkubwa.

"Pole, madamu," Gaju akasema.

"Pole itafuta choo kwa kichwa ya Pasta?" Kaliza akamgeukia Damascène. "Wewe nakujua, iko mutu ya kazi. Ntakupa nafasi ingine. Lakini huyu asiguse tena kitambaa yangu. Umesikia? Asiguse."

"Hagusi, madamu. Rwose, kweli kabisa, hagusi."

Alimsindikiza mpaka kwenye gari. Kupitia dirishani walimwona akimfungulia mlango, akiinama, akicheka. Raihana aliacha uzi.

"Mama Gwiza. Kwa nini hukumfungulia ile sauti?"

"Wangemcheka."

"Na wewe je?"

Damascène alirudi akipangusa paji la uso, sura imechangamka kama mtu aliyetoka kuoga.

"Asante, dada. Mana, Mungu wangu, umeniokoa! Yule angetuvunjia duka. Haya, sasa itengeneze hiyo herufi, Raihana aanze upya."

"Si nimeambiwa nisiguse?"

"Aa, hayo ni maneno ya mteja. Wewe gusa tu, nani atamwambia?"

Gaju aliketi mbele ya kompyuta ya duka. Herufi moja. Laiti ingekuwa ua, Raihana angelifumua na kulidarizi upya. Lakini msimbo haurekebishiki hivyo. Ukibadilisha herufi moja, maktaba inapiga hesabu upya, na miraba inahama kila upande kama mchwa waliomwagiwa maji. Vitambaa vyote vya jana vilikuwa matambara. Alifungua faili ili abadilishe neno, na macho yake yakapita juu kabisa, mahali alipozoea kuona jina lake.

Halikuwapo.

Mahali pake paliandikwa: *Mbunifu na mwandishi: Damascène, Kimironko.* Mstari wa chini yake, ambapo Gaju alikuwa amemshukuru Raihana kwa majaribio, ulikuwa umefutwa. Hapakuwa na herufi hata moja iliyokosewa. Jina lake mwenyewe alilipata sawasawa, mpaka kale kamkwaju kadogo kanakokaa juu ya e.

"Nani aliandika hapa?"

Damascène alisogea, akachungulia. "Ah, hiyo. Ni Valens, yule wa kutengeneza simu hapo mbele. Nilimwambia aweke jina la duka."

"Hili si la duka. Ni lako."

"Si kitu kimoja? Dada, nani anasoma huko juu? Sindano?"

"Jumatatu wataisoma."

"Jumatatu waambie ulifanya kwangu. Wanipigie simu, nitakusifia."

"Utawaambia nini? Kwamba nilikosea herufi?"

"Reka, acha, usinipandishie kichwa." Sauti yake ilianza kukaza. "Kompyuta ya nani hiyo? Mashine ya nani? Wateja wa nani? Ulipotoka kwa yule mwanamume wako na mtoto mgongoni ulilala wapi? Je, nilikuuliza mlangoni kuna jina la nani?"

"Nililala kwako," Gaju akasema. "Na nimekushukuru kila siku. Lakini kazi hii niliiandika kwa kompyuta yangu, kwa mikono yangu, na uliapa kwa kaburi la mama."

"Mama hakujua hata kompyuta ni nini!"

"Kosa lina jina langu, Damascène. Kazi ina jina lako. Hiyo hesabu wewe unaiona sawa?"

"Kosa ni lako kweli! Mimi nilisema sawasawa, ukasikia vibaya, na bado nimekutetea mbele ya mteja. Nimekuombea msamaha! Kaka gani mwingine angefanya hivyo?"

Hapo Gaju alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa akijiandaa kumwambia: nilikuwa na sauti yako mfukoni, nikaificha, kwa ajili yako. Aliona haina maana. Angemwelezaje mtu kwamba amemwepusha na kicheko ambacho mtu huyo hawezi hata kukisikia kinatoka wapi? Damascène alisema kweli yake. Kwake yeye, asubuhi hii alikuwa amemvumilia dada mzembe, akamfunika. Angelala usingizi mzuri. Na Jumatatu, na mwaka kesho, angekuwa bado anasubiri ashukuriwe.

Aligeukia kompyuta. Akafuta re, akaweka le, akatoa faili jipya, akalisoma herufi moja moja, kisha akachomoa flashi na kumpa Raihana.

"Hii iko sawa. Jaribu kwenye kipande kwanza."

"Umeona sasa?" Damascène akasema, amelainika. "Kazi ya dakika mbili. Tulikuwa tunapigia kelele nini?"

Raihana alichomeka, akabonyeza, na mashine ikaanza kwenda kulia, ikageuka, ikarudi kushoto.

Gaju alifungua mkoba wake. Akatoa kompyuta yake mwenyewe, ile yenye ufa pembeni ambao Gwiza aliubandika stika ya kipepeo, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akaiunganisha na simu. Ukurasa wa kuipeleka kazi kwenye maktaba, aliokuwa ameufunga miezi mingi nyuma, ulikuwa palepale, kama chumba kilichofungwa na kufagiliwa. Umbo jipya la kutolea: kudarizi. Maelezo. Jinsi ya kuunganisha mistari. Jinsi ya kunenepesha kwa pamba na kwa kitani. Mwandishi: Gaju Mukandayisenga. Majaribio ya kitambaa: Raihana Nasiri, Rwezamenyo.

"Unafanya nini?" Damascène akauliza.

"Nairudisha ilikotoka."

"Kwa nani?"

"Kwa wenye maktaba. Na kwa mtu mwingine yeyote."

Ilimchukua muda kidogo kuelewa. Alipoelewa alikuja upande wake wa meza kwa haraka, kisha akasimama, mikono ikining'inia, kwa sababu hakujua amshike dada yake au aishike kompyuta.

"Si tulikubaliana!"

"Tulikubaliana. Lile sharti lilikuwa juu ya faili, mstari wa kwanza. Valens amelifuta."

"Nitamwambia alirudishe! Sasa hivi! Valens!" aliita kuelekea mlangoni, na hakuna aliyeitika, soko lilikuwa na kelele zake. "Gaju. Mama Gwiza. Sikiliza. Ukifanya hivyo kila mtu anayo. Kila mtu! Hapa jirani, Nyamirambo, Kampala, kila mahali. Nitabaki na nini?"

"Utabaki na mashine. Na wateja. Na jina mlangoni."

Raihana alikuwa ameacha kuitazama sindano. "Mama Gwiza," akasema taratibu, "hata mimi, na kile kimashine changu cha nyumbani?"

"Hata wewe. Jina lako limo."

"Raihana, fanya kazi!" Damascène akafoka, kisha akaishusha tena sauti, akainama karibu na sikio la dada yake. "Ngoja basi mpaka Jumatatu. Tuongee kama ndugu. Nitawapigia hao watu, nitawaambia yote, kwamba ni wewe. Naapa kwa mama."

Gaju alisita. Si kwa kiapo. Alisita kwa vile alijua kwamba akishabonyeza, meza hii hataiegemea tena, na Gwiza atauliza kwa nini hawaendi tena kwa mjomba kukata vitambaa, na yeye hatakuwa na jibu ambalo mtoto anaweza kulielewa. Harufu ya mafuta ya mashine na pamba mbichi ilimjaa puani. Aliipenda harufu ile. Nje, mtu alikuwa anatangaza bei ya parachichi.

Ukurasa ulikuwa unamngoja kwa kitu kimoja tu. Wenye maktaba walitaka kila umbo jipya lije na mfano: neno moja, lolote, ili yeyote aliyeko popote alitoe kwa uzi na kuona kama simu yake inasoma sawa. Kisanduku kilikuwa kitupu. Miezi ile alishindwa kuchagua. Aliwahi kuandika *salama*, akafuta, akaandika jina la Gwiza, akafuta.

Sasa hakufikiri. Aliandika ka, akaandika la, akaandika mu. Akaisoma herufi moja moja.

Damascène aliinama juu ya bega lake, akakunja uso, akasoma kwa sauti, kama alivyosoma kila kitu tangu Karagwe.

"Karamu," akasema. "Karamu ya nini tena, sasa?"

"Ya kuandikia," Gaju akasema, akabonyeza.